Kwenda Unguja na watoto wadogo, bila kukimbizana

HUENDA wewe ni mmoja wa wale ambao wamekuwa wakiweka akiba mwaka mzima katika chama, ili shule zikifungwa mwezi wa Agosti uwapeleke watoto mahali ambapo si kwa nyanya kijijini. Umechoka kusikia jirani akisimulia habari za Dubai. Kitinda mimba wako ana miezi kumi na mmoja, kifungua mimba ana miaka mitano, na tayari shangazi mmoja ameshakuonya kwamba watu wenye watoto wachanga hawavuki mipaka, wao hungoja watoto wakue.

Usimsikize. Watoto wakikua watakuwa na karo ya sekondari, nawe hutakuwa na nauli. Nenda sasa, ila nenda kwa utaratibu.

Nimechagua kukueleza habari za Unguja, kisiwa ambacho wengi wetu twakiita Zanzibar kana kwamba Pemba haipo. Sababu yangu ni rahisi. Ukifika huko umekwenda ng'ambo kwelikweli: pasipoti imepigwa muhuri, watoto wamepanda ndege, na pesa zina picha nyingine. Lakini saa ni ile ile ya Nairobi, kwa hivyo mtoto hataamka saa tisa za usiku akidai uji. Magari hupita kushoto kama yetu. Na lugha ni Kiswahili. Mzazi mwenye mtoto aliyeshikwa na homa usiku wa manane hana haja ya mkalimani, na hilo pekee lina thamani kuliko maduka yote ya Dubai.

Haya nayasema nikiwa nimekwisha kukosea. Safari yetu ya kwanza ilikuwa ya siku nne, nami, kwa ile tamaa ya mtu aliyelipa nauli ya watu wanne, niliandika orodha ya mahali tisa pa kutembelea. Siku ya tatu jioni mke wangu alikuwa hasemi nami, kigari cha mtoto kilikuwa kimekwama kichochoroni, na mtoto mwenyewe alikuwa akichemka mwili. Safari ya pili tulikwenda siku saba na tukaona mahali pane tu. Hiyo ya pili ndiyo ninayotaka uifuate.

Karatasi kabla ya mizigo

Anza na karatasi miezi mitatu kabla, kwa maana hizo ndizo huwaharibia watu safari wakiwa bado hawajatoka nyumbani. Mkenya aweza kuingia Uganda au Rwanda kwa kitambulisho chake, lakini kwa Tanzania jiandae na pasipoti. Viza hulipii, kwa kuwa sote ni wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kila mtoto awe na pasipoti yake, hata yule ambaye hajaota jino. Zile siku za mtoto kuandikwa ndani ya pasipoti ya mama zilikwisha. Maombi hupitia eCitizen na idhini ya wazazi huhitajika. Jitayarishe pia kwa kibarua cha kumpiga picha mtoto wa miezi mitatu akiwa amefungua macho yote mawili na kufunga kinywa. Sisi tulirudi kwa mpiga picha mara mbili.

Jambo la pili ni chanjo ya homa ya manjano. Msafiri yeyote wa kuanzia umri wa mwaka mmoja anayetoka Kenya huulizwa cheti chake cha chanjo hiyo akiingia Tanzania. Chanjo hutolewa kwa mtoto kuanzia miezi tisa, na cheti huanza kufanya kazi siku kumi baada ya sindano. Kwa hivyo usingoje wiki ya mwisho. Ukishaipata imekwisha, tangu mwaka wa 2016 cheti hicho hudumu maisha yako yote, hata kama kimeandikwa miaka kumi. Kibandike ndani ya jalada la pasipoti ya mtoto, usikiweke kwenye mkoba wa nepi.

Kama ni mzazi mmoja tu anayesafiri na watoto, beba barua ya idhini kutoka kwa yule mwingine pamoja na nakala za vyeti vya kuzaliwa. Huenda usiulizwe. Lakini ukiulizwa na huna, utasimama kando ukitazama wenzako wakipanda ndege.

Kuna la bima pia. Tangu Oktoba 2024 serikali ya Zanzibar imekuwa ikiwataka wageni wa kutoka nje wawe na bima ya safari inayonunuliwa huko huko. Unaponunua tiketi, mwulize wakala akusomee masharti yanayowahusu watu wa Afrika Mashariki na watoto, ili usije ukayasomewa kwenye kaunta uwanjani.

Na usifunge nepi zako katika mifuko ya plastiki ya dukani. Sisi tuliipiga marufuku mwaka wa 2017, Tanzania bara ikafuata mwaka wa 2019, na Zanzibar ilitutangulia sote. Mfuko wa kitambaa wa kuwekea nguo zilizochafuka, ambao waweza kufuliwa, utakuokoa.

Uende lini?

Likizo za shule zetu ni Aprili, Agosti na mwishoni mwa mwaka. Aprili ondoa kabisa akilini. Hiyo ni masika, na mvua ya Unguja humwagika kana kwamba imetumwa. Hoteli hushusha bei wakati huo, nawe utaona umepata bahati, kumbe umelipia kukaa chumbani na watoto wawili ukitazama maji yakishuka dirishani. Desemba kuna joto kali na wageni wa Ulaya wamejaa, na bei zimepanda. Agosti ndio mwezi wenyewe. Kusi huvuma, jua si la kuchoma sana, na usiku mtoto hulala bila kutoka jasho.

Tazama pia kalenda ya Kiislamu. Mwezi wa Ramadhani si mbaya kutembea, na jioni zake zina uchangamfu ambao hutauona wakati mwingine, lakini mchana mikahawa mingi ya wenyeji hufungwa na si adabu kula njiani. Mtu mzima aweza kuvumilia. Mtoto wa miaka miwili hawezi, na hutafurahi kumlisha ndizi ukiwa umejificha nyuma ya mlango.

Kutoka Nairobi ndege huchukua muda wa saa moja na ushei. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupakatwa na hulipiwa sehemu ndogo ya nauli. Akishatimiza miwili anahitaji kiti chake, basi kama kitinda mimba wako anakaribia siku hiyo, fanya hesabu vizuri. Omba viti vya upande wa kulia mkienda, kwa sababu hali ya hewa ikiwa njema mtauona Mlima Kilimanjaro dirishani. Ndege inapopaa na inapotua mpe mtoto ziwa au chupa anyonye, maana kumeza ndiko kunakomzibua masikio. Hapo ndipo wazazi wengi hukosea: humlisha akiwa bado chumba cha kungojea, halafu wakati masikio yanapouma amekwisha kushiba na hataki kitu.

Ndege ikikushinda, kuna njia ya nchi kavu. Panda gari la moshi la Madaraka hadi Mombasa, lala hapo, kisha shika basi la Lunga Lunga na Horohoro hadi Tanga na Dar es Salaam, ambako boti huvuka kwa muda wa saa mbili hivi. Ni njia nzuri kwa vijana na wanafunzi. Kwa mwenye mtoto anayetambaa, sitakushauri. Basi likisimama Horohoro mtashuka, mtapanga foleni, mtapanda tena, na mtoto aliyekuwa amelala hatalala tena hadi kesho.

Kigari

Sasa tufike kwenye jambo lililotuumiza zaidi. Kabla ya safari ya kwanza tulinunua kigari cha mtoto cha kifahari, chenye magurudumu manne mapana, kikapu chini, paa la kukinga jua na mahali pa kutundika kikombe cha kahawa. Katika maduka makubwa ya Nairobi, yenye sakafu ya kung'aa, kilikuwa kikiteleza kama mashua. Tukadhani tumemaliza.

Uwanjani hakuna taabu. Kigari chaweza kusukumwa hadi karibu na mlango wa ndege, hapo hukabidhi kikawekwa pamoja na mizigo. Kiandike jina na ukifunge kamba, na utoe vitu vyote vilivyo mfukoni mwake. Uliza kabla hujakiacha kama utakipokea mlangoni mwa ndege mkishuka ama kwenye mizigo, kwa sababu kutembea na mtoto mzito mkononi huku umebeba mikoba mitatu si mchezo.

Taabu iko Mji Mkongwe. Mji huu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka wa 2000, na sifa yake kubwa ni ile ile inayokifanya kigari kisipite. Vichochoro vilijengwa kwa ajili ya watu na vikapu. Pengine ukinyoosha mikono yote miwili utagusa kuta za pande zote. Kila nyumba ina baraza lake la mawe lililojitokeza nje, kila kona ina kidaraja au mtaro, na pale unapodhani njia imefunguka, pikipiki hutokea ikipiga honi. Sisi tulikwama kati ya baraza na baiskeli iliyoegeshwa. Nyuma yetu wakajipanga watu sita na mkokoteni wa maji, wote wakingoja kwa subira ambayo Nairobi huipati, na subira hiyo ndiyo iliyozidi kunitia aibu.

Kwenye baraza alikuwa ameketi bibi mmoja wa makamo ya mama yangu, akichambua mchele. Mke wangu akamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia marahaba, akamtazama mtoto, akatazama na kile kigari, kisha akasema: "Mwanangu, hicho kitanda cha magurudumu kiacheni hapa barazani, hapana atakayekigusa. Mtoto mfunge mgongoni." Akaingia ndani akatoka na kanga kuukuu, laini kwa kufuliwa. Mke wangu, aliyezaliwa Kakamega na kubebwa mgongoni mwaka mzima wa kwanza wa maisha yake, alikuwa amelipa maelfu ya shilingi kwa kigari na kusahau leso nyumbani.

Tuliporudi jioni tulikikuta pale pale. Paka alikuwa amelala ndani.

Basi nakushauri hivi. Ikiwa una kigari kikubwa, kiache Nairobi. Nunua kile chepesi kinachokunjwa kwa mkono mmoja kama mwavuli, ambacho hutajuta sana kikivunjika, na ubebe leso mbili. Leso ni mbeleko, ni shuka, ni pazia la kunyonyeshea, ni kivuli kwenye boti na ni taulo mkitoka majini. Kigari hicho chepesi kitakufaa uwanjani, hotelini, kwenye Barabara ya Kenyatta kule Shangani (naam, hata huko mzee ana barabara yake) na hasa kwenye bustani ya Forodhani, ambayo ilikarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka wa 2009, na njia zake ni tambarare. Mchangani hakifai, ila pale maji yanapokupwa na kuacha mchanga mgumu. Vichochoroni ni leso tu.

Unapochagua nyumba ya kulala wageni Mji Mkongwe, usidanganywe na picha za vitanda vya nakshi. Uliza ngazi ni ngapi. Majumba hayo ya kale hupanda orofa tatu au nne, ngazi zake ni za mbao na zimesimama wima, na lifti ni nadra. Uliza chumba cha chini. Uliza kama kuna chandarua kinachotosha kitanda cha mtoto pia. Uliza kama jikoni watakubali kukuchemshia maji na kukupikia uji saa kumi na mbili alfajiri. Wengi hukubali, ila wapende kuambiwa mapema.

Uji, mbatata na tungule

Kuhusu uji, hapa pana kichekesho. Tulikwenda sokoni Darajani kutafuta unga wa wimbi. Muuzaji akatutazama kama watu waliotoka mwezini. Tukaeleza, tukaonyesha kwa vidole udogo wa punje, ndipo akacheka: "Mnataka ulezi!" Viazi huko ni mbatata. Nyanya za kupikia ni tungule. Mkate wa kawaida ni boflo. Leso ni kanga, na nepi za kutupwa huitwa pampas hata kama kampuni iliyozitengeneza ni nyingine. Maji ya bomba ni maji ya mfereji, nayo usimpe mtoto. Nunua ya chupa, au chemsha.

Binti yetu wa miaka mitano alisikiliza haya yote akiwa ameduwaa. Yeye, kama wengi wa watoto wetu wa mjini, husema Kiingereza shuleni, Sheng' na wenzake kwenye ploti, na Kiswahili anachokijua ni cha kumjibu yaya. Nakiri kwamba nilikuwa nimeanza kuona haya mbele ya wazee wangu. Unguja alikutana na watoto wa rika lake ambao hawakuwa na lugha nyingine ya kuchezea. Siku ya kwanza alinyamaza. Siku ya pili alisema maneno mawili. Habari yake nitaimalizia baadaye.

Chakula hakina shida. Wali, samaki wa kupaka, maharage ya nazi, chapati, mandazi na matunda, yote mtoto hula. Pilau yao haina pilipili nyingi, lakini urojo onja wewe kwanza. Jioni mtakwenda Forodhani, kama kila mtu. Jua linapotua wachuuzi huwasha taa zao, mishikaki na pweza huwekwa juu ya makaa, na ile wanayoiita pizza ya Zanzibar, ambayo kwa kweli ni unga uliotandazwa mwembamba ukajazwa nyama na yai kisha ukakunjwa, hukaangwa mbele ya macho yako. Hiyo ndiyo chakula cha watoto, kwa kuwa ni ya moto na wameiona ikipikwa. Vyakula vya baharini vilivyopangwa mezani tangu alasiri viruke. Juisi ya miwa waweza kuwapa, lakini sema bila barafu. Vijana watakuwa wakipiga mbizi kutoka ukutani kuingia baharini, na mtoto wako atatazama hayo kwa saa nzima bila wewe kulipa hata senti. Mshike mkono tu, maana ukuta hauna kizuizi.

Nyuma yenu litakuwa jengo la Beit el Ajaib, la mwaka wa 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka siku ya Krismasi ya mwaka wa 2020. Kwa familia yenye watoto wadogo kulitazama kutoka bustanini kunatosha. Wakubwa wataeleza habari za Sultani, wadogo watauliza kwa nini lilianguka.

Usiku wa homa

Nilisema kwamba siku ya tatu ya safari ya kwanza mtoto alichemka. Asubuhi tulikuwa tumekwenda kwa boti hadi kisiwa cha Changuu kuwaona kobe wakubwa ambao asili yao ni visiwa vya Shelisheli. Adhuhuri, jua likiwa utosini, tukarudi na kuingia moja kwa moja kwenye gari la kwenda mashamba ya karafuu na mdalasini. Jioni tulikuwa tena vichochoroni. Mtoto hakuwa amelala mchana, wala hakuna aliyekumbuka ni saa ngapi alikunywa maji mara ya mwisho. Saa nne usiku alikuwa wa moto kama kikaango, macho yamelegea.

Ukiwa nyumbani unajua daktari wako ni nani na gari litatoka wapi. Ugenini hujui. Nilimtazama mke wangu nikaona anayajua yale ninayoyafikiri: kwamba mimi ndiye niliyeandika ile orodha. Bawabu wa nyumba tuliyolala hakuuliza mengi. Alifunga mlango, akatutangulia na tochi, tukatoka hadi barabara ya magari, akasimamisha teksi na kuingia nasi. Kwenye zahanati mtoto alipimwa damu na malaria haikuonekana. Daktari, mama wa makamo mwenye mtandio, akamfinya ngozi ya tumbo, akatazama ulimi, akauliza amekojoa lini. Hatukujua. Akasema mtoto amepungukiwa na maji na amechoshwa na jua. Akatupa chumvichumvi za kuchanganya na maji, tukawa tunamnywesha kijiko kimoja kimoja hadi saa nane. Kisha akaniuliza, "Kesho mmepanga kwenda wapi?" Nikaanza kueleza. Akanikatiza kwa upole: "Kesho msiende popote, baba."

Kwa hivyo, siku ya kufika, kabla hata hujafungua mizigo, uliza kituo cha afya kilicho karibu na uandike namba ya dereva mmoja wa kuaminika. Hospitali kuu ya serikali ni Mnazi Mmoja, nayo iko ukingoni mwa Mji Mkongwe. Beba kutoka nyumbani dawa ya homa ya maji ambayo mtoto ameizoea, kipimajoto, pakiti za chumvichumvi na dawa ya mbu inayofaa umri wake. Malaria imepunguzwa sana Unguja lakini haijaisha, na watoto wa Nairobi hawana kinga nayo. Zungumza na daktari wako kabla ya kuondoka. Na hesabu nepi zenye mkojo. Nepi kavu kwa saa sita ni habari mbaya.

Siku iliyofuata hatukwenda popote. Tuliketi barazani. Mtoto alilala, akaamka, akanyonya, akalala tena. Mke wangu alisoma kitabu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ajifungue. Binti yetu alitoweka na watoto wa jirani hadi adhuhuri, nami nilikuwa nikimsikia kwa mbali akibishana nao juu ya zamu za kuruka kamba, kwa Kiswahili. Kibovu, lakini Kiswahili.

Maji kupwa, maji kujaa

Safari ya pili tulikaa Mji Mkongwe siku tatu na ufukweni siku nne, tukawa na sheria moja: siku moja, safari moja, na iwe imekwisha kabla ya saa tano. Mchana watu wote hulala. Wenyeji wenyewe hufanya hivyo. Maduka mengi madogo hufungwa adhuhuri na kufunguliwa alasiri, nawe huna sababu ya kujifanya una bidii kuliko wao.

Kwa upande wa ufukwe, fahamu tofauti. Nungwi na Kendwa, kaskazini, bahari haiendi mbali maji yanapokupwa, kwa hivyo waweza kuogelea karibu wakati wote, lakini kina huja upesi na wageni ni wengi. Paje na Jambiani, mashariki, maji yakipwa hukimbia mamia ya mita hadi karibu na mwamba, na wageni wengi hulalamika kwamba wamelipia bahari wakakuta uwanja. Kwa mwenye mtoto wa miaka miwili huo uwanja ndio raha yenyewe. Hubaki vidimbwi vya maji vuguvugu yanayofika kwenye vifundo vya miguu, na ndani yake kuna kaa, samaki wadogo na konokono. Akina mama wa kijiji hupita wakienda kwenye mashamba yao ya mwani. Tulikaa huko asubuhi nzima na ndoo moja ya plastiki.

Ila mvishe mtoto viatu vya plastiki, kwa kuwa kuna viumbe vya baharini vyenye miiba mirefu myeusi. Na waulize wavuvi saa za maji. Kati ya kupwa na kujaa ni kama saa sita, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika hamsini. Wakati wa bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo, bahari huenda mbali zaidi na hurudi kwa nguvu zaidi. Usije ukawa umekwenda mbali na mtoto mabegani ukigeuka uone maji yako kati yako na pwani.

Jozani, msitu ulio kiasi cha kilomita 35 kutoka mjini, uende alfajiri. Kima punju, ambao asili yao ni Unguja, hawana haja ya kutafutwa. Hukaa juu ya matawi ya kando ya barabara na watoto wao vifuani. Usiwape chakula wala usiwasogelee. Kuna pia njia ya mbao inayopita juu ya mikoko, ambapo kigari chepesi chaweza kusukumwa, ijapokuwa kwenye mizizi ya msituni utarudi kwenye leso. Sisi tulimaliza yote kwa saa mbili tukarudi kulala.

Pesa nitazigusia kidogo tu. Shilingi yetu hununua shilingi nyingi za Tanzania, kwa hivyo ukiambiwa kitu ni elfu kumi usishike moyo, gawanya kwanza. Patana bei ya teksi kabla mtoto hajaingia ndani, kwa kuwa akishalala kitini huna nguvu tena ya kubishana. Na vaa nguo za heshima mjini, wewe na mkeo. Kaptura fupi ni za ufukweni.

Jumapili tuliyorudi Nairobi, bawabu wa ploti yetu, mzee wa Kitui ambaye kwa miaka miwili binti yetu alikuwa akimpungia mkono tu, alitufungulia lango. Binti akashuka garini akasema, "Shikamoo, babu." Mzee hakujua la kujibu. Alinitazama mimi, akamtazama yeye, kisha akacheka na kuchukua begi zito kuliko yote.

Kile kigari cha kifahari kiko chini ya ngazi hadi leo. Hubebea unga kutoka dukani.